Tufungue Maneno Mazuri ya Kiingereza

Ndugu wasomaji, somo letu la leo lilianza kwa herufi moja iliyopotea.

Mwanakisomo mwenzetu, bibi mwenye wajukuu, alikuwa nyumbani kwake jioni moja. Mjukuu wake alikuwa anasoma kitabu cha shule cha Kiingereza. Bibi akasogea karibu na taa, naye akataka kujaribu. Palikuwa na picha ya kisu, na chini yake pameandikwa "knife". Bibi akasoma kama alivyofundishwa darasani, kila herufi na sauti yake: "Ki-ni-fe."

Mjukuu akaangua kicheko. "Bibi! Si kinife, ni naifu!" Watoto wa jirani nao wakacheka. Wiki mbili hatukumwona bibi darasani.

Siku aliyorudi alikuja na kile kitabu. Akakiweka mezani, akaweka kidole chini ya neno, akasema: "Mwalimu, mlituambia herufi ikiandikwa inasomwa. Hii k hapa mnaiona? Haya, sasa imekwenda wapi?"

Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni hili. Zamani ile k ilisomwa. Waingereza wa kale walitamka k na n pamoja, na wakaendelea hivyo mpaka miaka ya 1600 hivi. Baadaye ndimi zikachoka, sauti ikaachwa. Lakini waandishi na wachapaji wa vitabu walikuwa wamekwisha kuizoea ile herufi, basi wakaibakiza katika maandishi. Ipo pale kama jiwe la mafiga katika kiwanja kilichohamwa. Watu hawapiki tena, lakini unajua palikuwa na jiko.

Ndivyo lilivyo na neno "night", maana yake usiku. Siku hizi husomwa "nait". Zile herufi g na h zilizo katikati zilikuwa na sauti ya kukwaruza kooni, karibu na ile kh ambayo wazee wa pwani huitamka katika neno "kheri". Sauti imekufa, herufi zimebaki.

Kwa hiyo bibi hakusoma ovyo. Ile k aliisoma kama Mwingereza wa miaka mia tano iliyopita. Tulipomweleza hivyo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga, akasema mjukuu wake atayasikia hayo usiku uleule.

Baada ya hapo kikundi kikasema: basi tusikae mbali na Kiingereza kama mtu anayeogopa mbwa aliyefungwa. Tukisogelee, tuyafungue maneno yake tuone kilichomo ndani. Na tuanze na yale ambayo watu wanayasifu kuwa ni mazuri.

Neno zuri kuliko yote

Kumbe watu waliwahi kuulizwa. Mwaka 2004 shirika la Uingereza liitwalo British Council lilitimiza miaka 70. Kazi ya shirika hilo ni kufundisha Kiingereza na kueneza utamaduni wa Uingereza katika nchi nyingine. Katika kusherehekea miaka hiyo liliwauliza watu: ni neno gani la Kiingereza mnaloliona zuri kuliko mengine? Hawakuulizwa Waingereza. Waliulizwa watu zaidi ya 40,000 katika nchi 102 ambako Kiingereza si lugha ya nyumbani. Yaani watu kama sisi, waliojifunza lugha hiyo ukubwani au shuleni. Likatoka orodha la maneno 70.

Neno la kwanza lilikuwa "mother", husomwa "madha". Maana yake ni mama.

La pili lilikuwa "passion", yaani shauku kubwa au mapenzi makali. La tatu "smile", tabasamu. La nne "love", upendo. La tano "eternity", milele. Neno "freedom", uhuru, lilikuwa la nane. Lakini neno la Kiingereza la baba halikuonekana popote katika yale 70. Kina baba wa kikundi chetu walinuna kidogo. Mmoja alisema kura zihesabiwe upya.

Tena orodha hilo lina mambo ya kuchekesha. Ndani yake wamo ndizi, boga, nazi na hata kiboko. Kiboko kwa Kiingereza ni "hippopotamus", jina refu kama mnyama mwenyewe. Limetoka katika lugha ya Kigiriki cha kale, na maana yake ni farasi wa mto. Sisi tunadhani aliyelitoa jina hilo hakuwa na shamba la mpunga karibu na mto. Na neno "banana", ndizi, Waingereza hawakulitunga. Lilitoka Afrika Magharibi, Wareno wakalichukua, likafika Ulaya pamoja na tunda lenyewe.

Sasa tujiulize: kwa nini "madha" lilishinda? Je, ni utamu wa sauti? Hatudhani. Sauti yake ni ya kawaida tu. Mtu akilisikia neno hilo hasikii herufi, anamwona mtu. Anaona mkono uliomlisha. Uzuri wa namna hiyo hauko katika neno, uko kwa yule anayelisikia.

Wapo wataalamu wanaosema kwamba sauti peke yake inaweza kuwa nzuri, hata bila maana. Mmoja wao alikuwa J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyefundisha lugha na kuandika hadithi. Mwaka 1955, katika mhadhara huko Oxford, alitaja maneno "cellar door" kuwa ni matamu masikioni, hasa ukiyatenga na maana yake. Husomwa "sela doo". Na maana yake? Ni mlango wa ghala la chini ya nyumba, basi. Tuliyajaribu darasani, kila mtu amefumba macho. Ni kweli ulimi unateleza vizuri. Lakini nusu ya kikundi walisema hawakuona kitu ila giza.

Jicho la upepo

Sisi kilichotupendeza zaidi ni uzuri wa namna nyingine, uliofichwa ndani ya neno kama kokwa ndani ya embe.

Chukua neno "window". Husomwa "windo", na msifikiri ni la wawindaji. Maana yake ni dirisha. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mabaharia kutoka Denmark na Norway walivamia Uingereza, na wengi wao wakalowea huko. Katika lugha yao tundu la ukutani au la kwenye paa liliitwa "jicho la upepo". Nyumba zao za wakati ule hazikuwa na vioo. Tundu lilikuwa la kutolea moshi na kuingizia hewa na mwanga. Waingereza wakalichukua neno hilo, wakalitamka kwa namna yao, na leo wanasema "window" bila kukumbuka kwamba wametaja jicho. Mwenzetu mmoja ambaye jiko lake halina dirisha alisema: "Basi nyumba yangu ni kipofu." Wiki iliyofuata alitoboa ukuta.

Na neno letu dirisha? Tulilipata kwa Waajemi, ambao kwao ni mlango mdogo. Wale waliona jicho, hawa waliona kimlango. Tundu ni lilelile.

Lipo ua dogo huko Ulaya, jeupe pembeni na njano katikati, linaloitwa "daisy", husomwa "deizi". Asubuhi hufunuka, jioni hujifunga. Wakulima wa zamani wakaliita "jicho la mchana", na maneno hayo mawili, yakitamkwa harakaharaka vizazi kwa vizazi, yakawa "deizi". Aliyelitunga jina hilo hakuwa mtaalamu wa chuo. Alikuwa mtu anayepita shambani asubuhi na jioni, akaangalia. Hata sisi tuna jina la namna hiyo. Ule mmea unaojikunja ukiuguza mkono tunauita kifaurongo, maana unajifanya umekufa. Tunalisema jina hilo kila siku na hatusimami kulitazama.

Au chukua "umbrella", ambalo nalo limo katika lile orodha la maneno 70. Ni mwavuli. Waingereza walilipata kwa Waitaliano, na shina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya kivuli. Ni kivuli kidogo cha kubeba mkononi. Sasa sema polepole neno letu mwavuli. Unasikia nini ndani yake? Kivuli hichohicho! Hapa kikundi kizima kilipiga makofi. Waingereza wenyewe, kwa sababu nchi yao ina mvua nyingi na jua haba, hutumia kivuli hicho kujikinga na mvua.

Mlinzi wa mkate na mkandaji wa mkate

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi.

Kiingereza kina neno "lord", husomwa "lodi". Ni bwana mkubwa, mtu wa heshima na mali. Hata leo Bunge la Uingereza lina baraza liitwalo House of Lords, yaani Baraza la Mabwana. Wakristo wa huko humwita Mungu kwa neno hilohilo. Ukilisikia unaona joho na kiti cha enzi. Lakini ukilifungua, unakuta mkate! Zamani lilikuwa ni maneno mawili yaliyounganishwa, nayo ni "mlinzi wa mkate". Bwana alikuwa yule anayelinda chakula ili watu wa nyumba yake wasife njaa.

Mwenziwe ni "lady", husomwa "leidi". Leo ni mwanamke wa heshima, mke wa bwana mkubwa. Ukilifungua unakuta "mkandaji wa mkate". Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Tukaulizana darasani: kama maneno hayo yangetungwa kijijini kwetu, yangekuwaje? Mzee mmoja akasema bwana angeitwa mlinda kihenge. Na bibi yule wa herufi k akadakia: "Na bibi je? Ni msonga ugali!" Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Mimi nimesonga ugali miaka arobaini. Sikujua kwamba huko kwao hiyo ni cheo." Watu walicheka, lakini hakusema kwa mzaha.

Tusisahau hata hivyo kwamba neno likipanda cheo, mtu mwenyewe huenda asipande pamoja nalo. Mabwana wa Uingereza waliendelea kuitwa walinzi wa mkate hata walipokuwa wanaula mkate wa wengine. Na aliyekanda unga kweli, mtumishi wa jikoni, hakuna aliyemwita "leidi". Neno linatuonyesha lilikotoka, halituambii kwamba watu wamelifuata.

Lipo neno jingine la mkate, "companion", husomwa "kampanian", maana yake rafiki au mwandani. Limepitia Ufaransa kutoka Kilatini, na ndani yake mna maneno "pamoja" na "mkate". Ni mtu unayekula naye mkate mmoja. Wazee wetu wangewaonya wenye neno hilo, maana sisi husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Neno tamu lenye kosa ndani

Sasa tazameni neno ambalo sote tunalijua na hatulipendi: malaria. Tuseme wewe ni mgeni wa dunia, hujawahi kutetemeka kwa homa wala kumkesha mtoto. Ukalisikia neno hili mara ya kwanza: ma-la-ri-a. Sauti zake laini, irabu zake wazi. Ungeweza kumwita binti yako jina hilo! Utamu wa sauti haukwambii chochote kuhusu kitu chenyewe.

Neno hilo ni la Kiitaliano, na maana yake ni "hewa mbaya". Watu wa Italia waliona kwamba wanaokaa karibu na mabwawa huugua sana, wakadhani ugonjwa unaletwa na hewa inayonuka ya matope. Waliona vizuri, lakini walikosea sababu. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Hewa haikuwa na hatia. Anayeambukiza ni mbu jike wa aina iitwayo anofelesi, na ndiyo sababu tunalala ndani ya chandarua. Lakini jina limebaki vilevile. Kila tunaposema malaria tunarudia kosa la watu wa zamani, kama ile k isiyosomwa.

Na Waingereza walilipataje? Katika barua. Mwaka 1740 kijana Mwingereza aliyeitwa Horace Walpole alikuwa anatembea Italia, naye alilitaja neno hilo katika barua aliyopeleka kwao. Wengine wakalifuata. Bwana huyo alikuwa mwandishi wa barua asiyechoka, aliandika maelfu.

Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 28 Januari 1754, aliandika barua nyingine kwa rafiki yake, na ndani yake akatunga neno jipya kabisa: "serendipity". Husomwa "serendipiti". Serendib ni jina la zamani ambalo mabaharia Waarabu na Waajemi walikiita kisiwa cha Sri Lanka, upande wa pili wa bahari yetu hii ya Hindi. Walpole alikuwa amesoma hadithi ya wana watatu wa mfalme wa kisiwa hicho. Walipokuwa safarini walikuwa wanagundua mambo mazuri ambayo hawakuyatafuta, kwa bahati na kwa akili zao kali. Akaona jambo hilo halina jina katika Kiingereza, akalipa jina la kisiwa. Mwaka 2004 neno hilo la barua lilikuwa la 24 katika orodha.

Mfano wake ni huu. Mwaka 1928, huko London, mtaalamu Alexander Fleming alirudi kutoka likizo akakuta kisahani kimoja cha vijidudu alivyokuwa akivichunguza kimeota ukungu. Mwingine angekitupa. Yeye aliangalia, akaona vijidudu vilivyokuwa karibu na ukungu vimekufa. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa dawa ya penisilini, ambayo wengi wetu tumedungwa sindano yake. Ukungu ulikuja kwa bahati, lakini kutazama hakukuwa kwa bahati.

Kwa Kiswahili tunalo neno sadfa, lakini hilo ni kutokea tu kwa pamoja, zuri au baya. Kikundi kilitafuta neno la furaha ile. Pendekezo lililopata mikono mingi lilikuwa "bahati ya kuku": umetoka kumtafuta kuku aliyepotea, ukakuta kiota na mayai kumi na mawili. Wenye neno bora zaidi watuandikie.

Mwangalie vizuri jambo hili, ndugu wasomaji. Maneno hayo mawili yaliingia Kiingereza kwa karatasi ya barua, mtu anamwandikia mwenzake habari zake. Na barua sasa mnajua kuandika.

Letu lililokwenda kwao

Njia haikuwa ya upande mmoja. Katika miaka ya 1800 wasafiri wa Ulaya walipita Afrika Mashariki wakiwa na wapagazi wetu, wakajifunza neno safari. Sisi wenyewe tulikuwa tumelipata kwa Waarabu. Wakalibeba kwao, na sasa limo katika kamusi zote za Kiingereza. Lakini njiani limebadilika. Kwetu kwenda kliniki ni safari, kwenda kwa mkwe ni safari. Kwao ni kwenda kutazama au kuwinda wanyama. Ukimwambia mgeni kwamba kesho una safari ya kupeleka mahindi mashineni, atakuuliza kama utaona simba.

Kazi ya kikundi

Fungueni maneno haya ya Kiswahili, mseme mnaona nini ndani yake: kifunguamimba, kitindamimba, kilimia, kifungua kinywa. Kwa hilo la mwisho, jueni kwamba Waingereza husema "breakfast", yaani kuvunja mfungo. Wao wanavunja, sisi tunafungua. Lipi linafaa zaidi kwa uji wa asubuhi?

Kisha kila mmoja aandike neno moja la lugha ya kwao ambalo analiona zuri, na mistari mitatu ya kueleza kwa nini. Msiandike "ni zuri kwa sababu ni zuri". Mama mmoja wa kikundi chetu alishajaribu hivyo, tukamrudishia daftari.

Bibi yetu ameshaleta neno lake la wiki ijayo. Amelinakili kutoka kwenye kalenda ya dukani, herufi kubwa kubwa: "Wednesday", Jumatano. Mjukuu amemwambia linasomwa "wenzdei". Anataka kujua ile d ya kwanza imekwenda wapi.